Malkia wa Mradi

Jumatatu, 22 Aprili

Makofi ya glavu. Ninayo masikioni tangu Jumamosi. Watu wamesimama nje ya ukumbi wa mji, baridi inauma, kila mmoja na glavu zake za sufu, wanapiga makofi yasiyolia: pufu, pufu, pufu, kama mtu anayekanda unga chumba cha pili. Sikujua makofi yanaweza kuwa na huruma kiasi kile. Nilitamani wazomee.

Walikuwa wanampigia Rhona Lumsden, mtoto wa miaka kumi na moja kutoka maghorofa ya Ufukoni. Diwani Purves alikuwa ametoka kumtangaza kuwa Malkia wa Sikukuu ya Watoto mwaka huu, "kupitia mradi wetu wa kupunguza umaskini wa watoto." Mtoto mwenyewe alisimama pembeni yake. Purves alipotamka neno "mradi" alimwekea mkono begani, kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani. Nikaona shingo ya Rhona inazama ndani ya kola ya koti.

Maneno yale niliyaandika mimi. Ndiyo kazi yangu hapa Inverhallin: msaidizi wa mradi, baraza la mji. Nilipoyaandika mezani hayakuwa na mkono juu ya bega.

Jumanne, 23 Aprili

Ukungu wa bahari mchana kutwa. Hakuna kitu.

Alhamisi, 25 Aprili

Kamati ya Sikukuu imekutana jikoni kwa shangazi Netta, yaani jikoni kwetu, maana naishi kwake tangu nirudi kutoka chuo kikuu. Yeye ndiye mwenyekiti. Kwa miaka mingi ameshona, amepika, amebeba meza mvuani kwa ajili ya watoto wa mji huu, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba bila yeye Juni isingefika.

Wazo la mradi ni lake. Serikali iliiambia kila wilaya itafute njia yake ya kupunguza umaskini wa watoto. Mji mmoja ukafungua duka la nguo za shule za kubadilishana, mwingine ukaanzisha chai ya asubuhi shuleni. Shangazi akasema: hapa kwetu Malkia hutoka mitaa ya juu kila mwaka, kwa sababu wazazi wake ndio wanaolipia gauni, karamu, na lile tao la mbao linalojengwa mbele ya nyumba yake. Kwa hiyo mwaka huu tuache Siku ya Kunong'ona. Kamati imchague mtoto mwenye shida, ruzuku ilipe kila kitu, na zinazobaki ziwe chakula cha mchana cha watoto wakati wa likizo ya Julai.

Wakati wa baridi niliona ni wazo zuri. Siku ya Kunong'ona ni desturi ya zamani: watoto wa darasa la saba hupita mmoja mmoja mbele ya mwalimu wao na kumnong'oneza sikioni jina la wanayemtaka. Hakuna karatasi. Na majina yanayotoka ni ya mitaa ya juu siku zote. Hivyo ndivyo tulivyosema sote, na hakuna aliyeuliza mtoto hata mmoja.

Leo lilizungumziwa tao.

"Kibao kidogo tu," alisema Purves. "Tao hili ni zawadi ya mradi. Na chini yake, kwa herufi ndogo, waliochangia."

"Wewe ukiwemo," shangazi akasema.

"Mimi nikiwemo, Netta. Mbao zimetoka kwangu, hazikuota ufukoni."

Wakacheka. Nikauliza kama kuna mwaka wowote tao la Malkia liliwahi kuwekewa kibao cha aliyelilipia.

"Miaka mingine alilipa baba mtu, mwanangu," shangazi alinijibu. "Sasa tungeandika nini? Asante Baba?"

Wakacheka tena. Purves alikuwa na chembe za biskuti za siagi kwenye kidevu. Nilizikazia macho mpaka mwisho wa kikao, maana sikuweza kutazama kitu kingine.

Ijumaa, 3 Mei

Kumpima Rhona gauni. Mama yake, Denise, alichelewa, akaja na ovaroli za kiwanda cha samaki, simu sikioni, harufu ikimtangulia. Hakusalimia. Alitazama mchoro wa gauni, akasema, "Hilo libane kiuno. Mwanangu asionekane kama pazia la kanisani."

Mwanamke aliyekuwa akipima akasema kwa upole kwamba mshonaji amejitolea.

"Basi ajitolee kubana kiuno."

Niliona haya kwa ajili yake. Nikajisemea: watu wanamhangaikia mtoto wake, yeye hata neno moja la shukrani hana. Rhona alisimama juu ya kiti, mikono kando, amejikaza. Alisema asante kila pini ilipopita. Asante, asante, asante. Mwalimu mkuu alituambia Machi kwamba ndiyo sababu alimpendekeza: "Ni mtoto mzuri, anatoka vizuri kwenye picha, na anajua kusema asante."

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Picha kwa ajili ya gazeti la wilaya. Walimvua Rhona koti lake jipya, wakamvalisha la zamani "ili hadithi ieleweke." Denise alikuwa kazini. Nilikuwepo mimi, nikashika mwavuli.

Alhamisi, 9 Mei

Sijala vizuri. Kila kitu kina ladha ya mwavuli ule.

Jumanne, 14 Mei

Gazeti limetoka. Nilipita shuleni wakati wa kutoka. Wasichana wa darasa la saba walikuwa wamejipanga kwenye ukuta, wanamwimbia Rhona: "Malkia wa Mradi! Malkia wa Mradi! Vua koti tukupe lingine!" Aliyeongoza ni Ailsa, mtoto wa daktari wa meno, mitaa ya juu. Ana sauti kali na misuko miwili iliyobanwa kama kamba. Nilimchukia papo hapo, chuki kamili, mimi mtu mzima kwa mtoto. Nikawaza: huyo hapo, umbo lenyewe la tatizo letu, amevaa soksi nyeupe.

Rhona alipita akitabasamu. Tabasamu lile liliniuma kuliko wimbo.

Jumamosi, 18 Mei

Ukungu. Wamejenga tao Ufukoni. Lina ngome, bata maji, nyota za bati. Kibao kimewekwa katikati kabisa, juu ya mlango ambao familia nyingine nane pia hupitia. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili ameanza kutokea mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Jumatatu, 27 Mei

Rhona amekataa. Amemwambia mama yake hatakuwa Malkia, hatavaa, hatapanda lori la gwaride. Denise alipiga simu ofisini, nikapokea mimi.

"Mwambieni Netta atafute maskini mwingine. Mji una wengi."

"Denise, tungeweza kukaa tukazungumza..."

"Nimekaa mwezi mzima, dada. Makalio yameota sugu."

Akakata.

Purves alipoambiwa alishusha pumzi, akasema, "Ndiyo shida ya hawa watu. Ukiwapa, wanakasirika." Kisha akauliza kama kuna akiba. Akiba ya mtoto! Shangazi akajibu kwamba atakwenda mwenyewe kumbembeleza. Amekwenda na keki.

Jumanne, 28 Mei

Keki imerudi.

Alhamisi, 30 Mei

Sijui nianzie wapi.

Bwana Geddes, mwalimu wa darasa la saba, alinisimamisha nje ya duka la chipsi. Ni mgeni hapa, alikuja Agosti, bado anatembea kama anaomba radhi kwa barabara.

"Mhairi," akasema, "hivi Rhona mmemwambia?"

"Tumwambie nini?"

Akageuka kutazama nyuma, kisha akashusha sauti. Kumbe Siku ya Kunong'ona ilifanyika. Hakujua kwamba kamati imeiacha. Ukumbi wa michezo ulikuwa upakwe rangi baada ya Pasaka, kwa hiyo akaiwahisha, mwezi Machi. Watoto wakapita, mmoja mmoja, wakamnong'oneza. Karibu darasa zima lilisema jina moja.

"Rhona," akasema. "Rhona, Rhona, Rhona. Sikio lilikuwa moto. Hakukuwa na mtu wa kukaribiana naye."

Alimwambia mwalimu mkuu siku ile ile. Mwalimu mkuu akamwambia mwenyekiti wa kamati. Kisha akaitwa ofisini akaombwa anyamaze, kwa sababu kamati ilikuwa imekwisha kuchagua, ripoti imekwisha kwenda, na kwa bahati nzuri jina ni lile lile.

Kwa bahati nzuri.

Nilirudi nyumbani nikamkuta shangazi anapiga pasi mashati ya wapiga ngoma. Sikukaa.

"Ulijua kwamba watoto walimchagua wenyewe?"

Hakuacha pasi. "Geddes ana mdomo."

"Ulijua?"

"Nilijua ripoti ikiwa imekwisha kwenda. Ungefanya nini wewe? Mtoto ni yule yule, Mhairi! Gauni ni lile lile, lori ni lile lile. Nani ameumia?"

"Yeye. Alishinda. Mkamnyang'anya mkampa sadaka."

"Usinipandishie sauti ndani ya nyumba yangu." Sasa aliiweka pasi. "Nisikilize. Ruzuku ilitolewa kwa sababu tulisema mji huu haumchagui mtoto wa Ufukoni, na kwamba mradi utabadilisha hilo. Tukisema watoto walimchagua bila sisi, basi mradi haukufanya kitu. Fedha za mwakani zinakwenda mji mwingine, na chakula cha Julai kinakwenda nazo. Wewe utawapikia? Na digrii yako ile?"

Linalonichukiza zaidi ni kwamba hoja yake ina chakula ndani yake. Ningeweza kumdharau kwa urahisi kama angekuwa mwizi. Si mwizi. Ana mikono iliyoungua kwa masufuria ya watoto wa watu. Na kwa mikono hiyo hiyo amemchukua mtoto aliyependwa akamgeuza mtoto aliyehurumiwa, kisha akalala usingizi.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Kwa nini walidhani watoto wangechagua mitaa ya juu?

"Kwa sababu sisi ndivyo tulivyokuwa tunafanya," akasema, akarudi kwenye mashati.

Jumapili, 2 Juni

Nimekaa chumbani. Ukungu umegusa kioo, sioni hata uzio.

Jumatano, 5 Juni

Nilikwenda Ufukoni. Nilipita chini ya kibao. Denise alifungua mlango akiwa na taulo kichwani.

"Huna keki? Maendeleo hayo."

Nikamweleza yote jikoni, nimesimama. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikulitarajia. Nilipomaliza alikaa kwenye ukingo wa meza, akaziba mdomo kwa taulo, nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili.

"Wale wadudu," akasema. "Wadudu wadogo wa darasa la saba. Walimchagua?"

"Karibu wote."

"Na mimi nimekaa mwezi mzima namwambia vumilia mwanangu, tabasamu, wakupe gauni, si tunalihitaji." Akajifuta macho. "Nilimfundisha kulipokea, unaelewa? Kitu chake mwenyewe."

Nikamwambia habari ya chakula cha Julai. Nilitaka ajue kila kitu. Rhona ana wadogo wawili.

Alilikunja taulo. "Mwambie mtoto," akasema. "Mimi hataniamini, mama yeyote angesema hivyo. Julai tutaiona Julai."

Rhona alikuwa kitandani kwake, viatu juu ya shuka. Nilimwambia polepole. Sijawahi kusema ukweli kwa uangalifu kiasi kile. Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akauliza, kwa adabu ile ile ya pini:

"Na hilo nalo mmenipa?"

"Hapana, Rhona. Ni kweli. Bwana Geddes..."

"Bwana Geddes ni mtu mwema," akasema. "Asante kwa kuja."

Nikashuka ngazi nikatokea mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, pale anapopita yule mzee.

Alhamisi, 6 Juni

Tumemzoesha Rhona fadhila mpaka ukweli kwake una harufu ya fadhila. Nimeandika sentensi hii mara nyingi kichwani, na kila mara inaonekana nadhifu mno. Uchafu wenyewe ni huu: ananipenda vya kutosha kunidanganya kwamba anashukuru.

Jumanne, 11 Juni

Mvua. Purves ameanza kuuliza tena juu ya akiba.

Ijumaa, 14 Juni

Nilimsubiri Rhona nje ya shule. Nilikuwa nimemwomba Denise ruhusa. Sikuwa na mpango wenye akili. Nilijua tu kwamba hataamini mtu yeyote mwenye sababu ya kumfanyia wema, na kwamba mji huu una mtu mmoja ambaye hajawahi kumfanyia wema hata kidogo.

Wimbo ulianza kama kawaida. Nikamshika Rhona mkono, akajaribu kuuvuta, nikavuka naye hadi ukutani.

"Ailsa," nikasema. "Siku ile ya kunong'ona, ulitaja jina la nani?"

Wimbo ukakatika.

"Ni siri," akasema Ailsa. "Hairuhusiwi kuuliza."

"Najua hairuhusiwi."

Aliangalia chini, akamwangalia Rhona, na uso wake ukawa mwekundu, si kwa haya, kwa hasira.

"La huyu! Si sote tulisema la huyu? Sasa unauliza nini?"

"Mwongo," akasema Rhona.

"Mwongo mama yako! Muulize Fraser, muulize nani! Mimi ndiye niliyewashawishi wavulana. Nilimpa Fraser chokoleti yangu nzima." Sasa alikuwa anafoka kweli, misuko ikirukaruka. "Tulikuchagua kwa sababu una sauti, na Malkia lazima apige kelele juu ya lori mpaka nyuma wasikie, si kama yule wa mwaka jana aliyelia. Na kwa sababu ulimwambia Bwana Geddes suruali yake imechanika kabla hatujamcheka. Halafu tunakwenda ukumbini, yule babu anasema wamekuchagua wao! Mradi wao! Na wewe ukasema asante! Ukasema asante kwao!"

"Sikujua!"

"Ungeuliza!"

"Ningemuuliza nani, ni siri, mjinga wewe!"

Wakasimama wanatazamana, wanahema. Mtu angedhani watapigana. Kisha Rhona akasema, "Chokoleti gani?"

"Ya karanga."

"Nzima?"

"Nimeshakwambia nzima."

Niliwaacha. Nilitembea mpaka mwisho wa gati nikasimama kwenye ukungu nikiwa na haya hadi kwenye meno. Kwa mwezi mmoja nilimwona mtoto yule kama adui wa maskini. Yeye ndiye mtu pekee katika mji mzima aliyekuwa na hasira ya haki, nasi tuliisikia kama matusi ya mtoto wa tajiri.

Jumamosi, 15 Juni

Rhona amekubali. Sharti lake ni moja: kibao kiondoke. Denise alikiondoa mwenyewe kwa kisu cha kiwandani, mchana kweupe, majirani wakimshangilia kutoka madirishani. Purves ametishia kuandika barua. Shangazi anaponipitishia chumvi anaiweka mezani, haiweki mkononi.

Jumatano, 19 Juni

Jua. Mazoezi ya gwaride. Rhona alipaza sauti juu ya lori mpaka ndege wa baharini wakaruka kutoka paa la kanisa.

Denise alinisubiri kwenye kona. Akasema wanawake wa maghorofa wamekwenda kumuuliza mchungaji kama jiko la kanisa linaweza kutumika Julai hata bila ruzuku. Mchungaji amesema atafikiria. "Nami nimemwambia afikirie haraka," akasema. Hajui kama itawezekana. Mimi pia sijui.

Jumamosi, 22 Juni, jioni

Imekwisha. Anga lilikuwa safi. Gauni lilibana kiuno. Darasa la saba lilitembea nyuma ya lori likiimba jina la Rhona, na Ailsa mbele, amekauka sauti kabla ya kufika benki.

Purves alisoma hotuba yake jukwaani. Haikuwa yangu, nilikataa kuiandika. Alisema mji huu umeonyesha njia, kwamba mradi umempa mtoto mmoja nafasi ambayo asingeipata, kwamba wilaya nyingine sasa zinataka kujifunza kwetu. Shangazi alisimama nyuma yake na shada la maua. Akanitafuta katika umati, akaniona. Nadhani alisoma usoni mwangu kwamba kuna jambo, maana alishusha macho kwanza yeye.

Jana saa tatu asubuhi niliipigia simu ofisi ya ruzuku kule Edinburgh. Nilimwambia mwanamke aliyepokea kwamba ripoti ya Inverhallin si ya kweli: mradi haukumchagua mtu, watoto walimchagua wenyewe mwezi wa tatu, nasi tulilificha hilo ili tuonekane tumefanya kazi. Nilimwambia pia kwamba kuna watoto watakaohitaji kula Julai, na kwamba hilo ni kweli lenyewe bila sisi kudanganya. Akauliza kama nataka jina langu lisitajwe.

Nililitaja herufi moja moja, akaandika.